Waandike kwanza, kishikwambi baadaye

Mwalimu mpya, ukipangiwa sekondari huku Dodoma usishangae kukuta kifaa kimoja cha kutumia darasani, projekta ya kubembeleza, na wanafunzi sitini wasioruhusiwa kuja na simu. Usinung'unike. Hicho kimoja kinatosha, mradi ujue kukitoa kwa wakati wake: baada ya kila mtoto kuandika anachofikiri. Ukianza na skrini, wanakaa kama wanaangalia mpira.

Vingi kati ya vishikwambi walivyopewa walimu vilizunguka kwanza na makarani wa Sensa ya 2022, kwa hiyo somo la asilimia mimi hulifundisha kwa takwimu za sensa. Naandika ubaoni: kati ya 2012 na 2022, watu waliongezeka zaidi mkoa upi, Dar es Salaam au Dodoma? Kila mmoja aandike jibu na sababu moja, kwa kalamu ya wino, hakuna kufuta. Dakika tatu. Wengi huandika Dar.

Ndipo nafungua Excel. Dar ilitoka 4,364,541 ikafika 5,383,728. Dodoma ilitoka 2,083,588 ikafika 3,085,625. Wanaamuru wao niweke fomula gani, mimi nabonyeza tu. Inakuja 1,019,187 kwa Dar na 1,002,037 kwa Dodoma. Kelele! Dar imeshinda, lakini kwa watu elfu kumi na saba na ushee tu. Tunaweka asilimia: Dar 23, Dodoma 48. Ubishi unaanza upya, maana sasa kila upande una namba ya kujitetea nayo.

Hapo zima skrini. Kweli, izime, la sivyo macho yatabaki kule. Uliza: wa kununua madawati ya watoto walioongezeka atumie namba ipi? Na anayetaka kujua mabomba ya maji ya mkoa upi yameelemewa haraka zaidi? Wape muda, tena wa kutosha. Kompyuta imeshamaliza kazi yake. Iliyobaki haina fomula.

Waache wabishane kwa Kiswahili. Tunafundisha kwa Kiingereza, sawa, lakini mtoto anayehangaika kutafuta neno hapati nafasi ya kutafuta hoja. Hitimisho waandike kwa Kiingereza. Ofisini watakuwepo wa kukukunjia uso. Wewe uandike mpango huo wa lugha mbili kwenye andalio la somo, endelea.

Walimu wa fizikia wana PhET, majaribio ya kuigiza kwenye skrini yaliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni bure, na mazoezi yake mengi unaweza kuyapakua nyumbani ukayatumia darasani bila bando. Jenga saketi yenye balbu mbili zinazofanana, zilizounganishwa mfululizo, kisha kabla ya kuongeza ya tatu waulize mwanga utakuwaje. Hakosi atakayesema balbu iliyo karibu na betri itawaka kuliko wenzake. Usimsahihishe. Ongeza balbu, zote zififie sawasawa, halafu mwombe yeye mwenyewe aeleze kilichotokea.

Umeme ukikatika katikati, makisio yako kwenye madaftari na kipindi kinaendelea kwa chaki.

Mwishoni usikusanye madaftari sitini, utajichosha bure. Chukua ya mstari mmoja wa madawati, usome sababu kuliko majibu. Aliyeandika "Dar, kwa sababu ndilo jiji kubwa" anachanganya ukubwa na ongezeko, na kipindi kijacho uanze na sababu yake, bila kumtaja jina.