Video ya tangi na picha za kompyuta: kufanana kwa macho hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama inatosha kuweka video ya jaribio lako la maji kando ya picha za modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga maji hayo, na kusema zinafanana. Haitoshi. Jicho huridhika upesi, hasa la mtu aliyeitengeneza modeli mwenyewe.

Hapa Malindi tulijaribu kuiga tope la Mto Sabaki, lile linaloletwa huku mjini msimu wa kaskazi, mkondo ukielekea kusini. Tangi la kioo, ndani maji ya bahari, juu yake tunapitisha polepole maji yasiyo na chumvi, yaliyotiwa rangi. Maji ya bahari yana takriban kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, ya mto kama 1,000. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoyafanya ya mto yaelee.

Sasa, modeli inakupa kiasi cha rangi. Kamera inakupa mwanga, namba kati ya 0 na 255. Na rangi ikiongezeka maradufu, giza haliongezeki maradufu. Kwa hiyo kwanza jaza tangi maji yenye rangi ya kiasi unachokijua, piga picha, ongeza rangi, piga tena, mpaka upate grafu ya kugeuza mwanga kuwa kiasi. Piga na picha ya maji matupu, kisha kila picha uigawe kwa hiyo, taa isiyoenea sawasawa isikudanganye. Zima kabisa kamera kujirekebishia mwanga. Hili simu hulifanya kimyakimya na kazi yote huharibika.

Halafu modeli nayo ipite njia ile ile. Kamera huona rangi ya upana wote wa tangi kwa pamoja, basi jumlisha ya modeli vivyo hivyo, itoe kama picha, uzipitishe zote mbili kwenye ImageJ (programu ya kuchambua picha, ni ya bure) kwa kizingiti kimoja, yaani kiasi cha rangi ambacho kuanzia hapo unahesabu kuwa ni maji ya mto. Hapo pima ncha ya maji imefika wapi kila sekunde, na unene wa tabaka la maji ya rangi. Sogeza kizingiti kidogo juu na chini: majibu yakibadilika sana, ulichopima ni kizingiti, si maji.

Kwetu ncha zilikwenda sambamba, lakini tabaka la modeli lilikuwa nene mno. Vyumba vya hesabu, yaani vipande ambavyo modeli huligawa tangi ili ipige hesabu, vilikuwa vikubwa, vikayachanganya maji kuliko yanavyochanganyika kweli. Tulipovipunguza, unene ukashuka. Kwenye video hakuna aliyeliona hilo.

Ukipata picha ya maji matupu, iweke hapa tuzitazame taa zako kabla hujaendelea.