Madirisha kwanza, nguo baadaye

Moshi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, nasi huku hatujambo. Umeniuliza mambo mawili: kama nguo kumi na mbili zitapigwa picha kwa saa sita mlizopewa kwenye ile nyumba kongwe ya shamba la kahawa huko Usa River, na kwa nini picha za majaribio zimetoka na uso wa njano upande mmoja.

Nguo kumi na mbili haziwezekani. Saa sita ni dakika 360. Toa 60 za kupanga vyombo, 30 za kuhama vyumba na 30 za kufungasha na kufagia. Zinabaki 240, na nguo moja kuvaliwa, kubanwa pini, kupigwa na kuvuliwa haipungui nusu saa. Chukua nane. Hapo mwanamitindo awe amefika amekwisha kupambwa na kusukwa nyumbani. Mkianzia mekapu pale, nguo mbili zaidi zimekwenda.

Njano ile si kosa la kamera. Mliacha taa za darini zikiwaka huku mwanga wa dirishani unaingia. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, balbu ya njano ina kama 2700, mchana una kama 5500, na kamera haiwezi kurekebisha yote mawili kwa mpigo. Ukisawazisha shavu moja, la pili linageuka bluu. Zima kila taa ya nyumba, hata ya ukumbini, kisha piga kadi ya kijivu mara moja katika kila chumba ili rangi irekebishwe kwa kipimo hicho. Kuta nazo zina lao. Nyumba za namna hiyo hupenda rangi ya maziwa au kijani hafifu, na gauni jeupe likisogea karibu linaipokea. Mtoe mwanamitindo ukutani angalau mita moja na nusu.

Kwa hiyo usipange kazi kwa mfuatano wa nguo, panga kwa madirisha. Mwezi wa sita jua letu hupita kaskazini, basi vyumba vinavyotazama kusini vina mwanga laini karibu kutwa. Hivyo viweke vya mchana. Vya mashariki jua linavipiga moja kwa moja asubuhi. Ikiwa wingu la Arusha la msimu huo limefunika, vizuri, anzeni humo. Likiwa limefunguka, tundika shuka jeupe jepesi dirishani, maana jua kali huunguza nyeupe ya kitambaa pichani na kuacha kivuli cheusi puani. Mwanamitindo asimame kama mita moja kutoka dirishani, na upande wa pili weka manila nyeupe mbili zilizobandikwa kwenye boksi, zimrudishie mwanga. Barazani angalia kilicho chini: saruji hurudisha mwanga safi, lakini nyasi hupandisha kijani kidevuni. Tandika shuka juu ya nyasi.

Mpiga picha atataka lenzi ya milimita 85 kwa kuwa inapendeza uso. Mwulize ataisimamisha wapi. Kwa kamera ya sensa kubwa, yaani kile kinasa mwanga cha ndani, mtu mzima kuanzia kichwa hadi kiatu anahitaji mita tano na zaidi kwa 85, na kama mita tatu kwa 50. Vyumba vya kulala vya zamani havina mita tano. Akikimbilia lenzi pana ya 24, atakayekuwa pembeni mwa picha atavutika kama mpira wa manati. Kamera ikae usawa wa kifua; ikiinamishwa, fremu za milango zinakuwa kama zinaanguka.

Umeme wa nyumba kongwe usiuamini. Pasi ya wati 2000 peke yake inavuta karibu ampea tisa, nanyi mkiweka na chaja za flashi kwenye ekstensheni ileile, fyuzi inakatika na ratiba nayo. Nguo zipigwe pasi usiku wa kuamkia, zisafiri zimetundikwa, zisikunjwe. Flashi ziwe za betri. Na kama flashi itatumika, mpambaji asipake ile poda nyeupe ya silika: machoni haionekani, pichani uso unaota chokaa.

Kitenge kipya huja na wanga wa kiwandani, hung'aa na kusimama wima mabegani. Safari ijayo kifuliwe kabla ya kukatwa, kwani hupungua pia. Gauni likizidi kiuno, bana kwa vibanio nyuma, usishone. Na usipige mgongo wa nguo hiyo.

Sakafu ya mbao ndiyo itakayowagombanisha na mwenye nyumba. Bandika soli za viatu tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi, na miguu ya stendi ifunge vitambaa. Ukutani hakuna tepu wala msumari: chokaa ya zamani hubanduka nayo. Mkihamia Boma la Arusha lililojengwa na Wajerumani, sasa likiwa makumbusho, hayo yote yanakuwa masharti, na kibali kiombwe Makumbusho ya Taifa kwa maandishi.

Kabla hamjagusa kiti, piga kila chumba kwa simu kutoka mlangoni, ili jioni vitu virudi vilipokuwa. Simu hiyohiyo ina dira: chora madirisha na pande zake, nitumie kabla ya Alhamisi tupange saa kwa saa.

Mama yako