Alichanganyikiwa uzazi wa kwanza. Je, mimba hii?

SWALI: Wifi yangu ana mimba ya miezi saba. Uzazi wa kwanza, siku ya tano, aliacha kulala, akawa anaongea usiku kucha na kudai mtoto amebadilishwa. Alilazwa, akapona, dawa akaziacha. Mama anasema alirogwa, kliniki tusiseme. Yatamrudia? — Dada wa mume, Mpwapwa

JIBU: Yanaweza kurudi, na kuficha ndiko kutakakowaponza. Unachoeleza kinafanana na kichaa cha uzazi, ambacho huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua. Lakini kwa aliyekwishakipata, uwezekano wa kurudi ni karibu mmoja kati ya watatu. Hakuna kinachoongeza hatari kuliko kuwahi kukipata. Kipigo nyumbani, mimba isiyotarajiwa, kufiwa na mtoto au njaa ya Januari ghala likiwa tupu huchochea zaidi sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, ambayo ni ugonjwa mwingine.

Wiki hii mpelekeni kliniki na kadi yake. Mwambieni muuguzi ilianza siku ya ngapi, alipewa dawa gani, na kama kuna mwingine katika ukoo wao aliyewahi kuugua akili. Ombeni rufaa ya hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, au kwa daktari wa afya ya akili hospitali ya mkoa, ili iamuliwe mapema kama ataanza dawa sasa au mara tu akijifungua. Asimeze zile zilizobaki kabatini: valproeti, kwa mfano, hudhuru mtoto tumboni. Na asijifungulie nyumbani. Mama akitaka kuomba dua, aombe, ila rufaa isisubiri.

Kazi kubwa ya familia ni usingizi, maana kukesha huweza kuuamsha ugonjwa huu. Kwa wiki mbili za mwanzo, mtu mmoja amchukue mtoto chumba kingine saa tatu usiku hadi saa saba. Mama anyonyeshe kwanza, kisha akamue maziwa kwenye kikombe safi chenye mfuniko. Chumba kikiwa na ubaridi, maziwa hayo hukaa kwa muda wa saa nne bila kuharibika. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, si chupa.

Kulia-lia siku ya tatu ni kawaida, kukipita wiki mbili huenda ni sonona. Ila asipolala hata mtoto akiwa amelala, akiongea haraka kupita kawaida, akiwashuku watu au akisikia sauti, mpelekeni hospitali usiku huohuo, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja. Kukiwa na homa au degedege, semeni hilo kwanza mkifika, kwa sababu maambukizi ya uzazi, malaria kali na kifafa cha mimba navyo huvuruga akili, na tiba yake ni tofauti.

Mahudhurio baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, 28 na 42. Kichaa cha uzazi mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo, kwa hiyo msingoje ile ya 28.