Afya ya Uzazi: Maswali Yenu Kuhusu Vijiti vya Kuzuia Mimba

SWALI: Niliwekewa kijiti kimoja mkononi miezi minane iliyopita, na sasa sioni siku zangu kabisa. Shangazi anasema damu inajikusanya tumboni na itageuka uvimbe. Nikakitoe? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada, hakuna damu inayojikusanya. Hedhi ni utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unaonenepa kila mwezi kungojea mimba, kisha kubomoka mimba isipotunga. Kijiti chako kina miligramu 68 za etonojestreli, homoni inayotoka kidogo kidogo. Huzuia yai lisitoke kwenye ovari, hufanya ute wa shingo ya kizazi kuwa mzito hadi mbegu za kiume zishindwe kupita, na huuacha utando ule ukiwa mwembamba. Usiponenepa, hakuna cha kubomoka. Wenye kijiti hiki, takriban mmoja kati ya watano hukosa hedhi, na hilo si ugonjwa.

Pengine shangazi amesikia habari za vifuko vya maji kwenye ovari. Hivyo hutokea kweli, ila vingi hunywea vyenyewe bila upasuaji. La kuogopa ni maumivu makali ya chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu. Mimba juu ya kijiti ni nadra sana, lakini ikitunga huweza kuwa nje ya mfuko wa uzazi. Ukipata dalili hizo nenda hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Mimi nina vijiti viwili vya miaka mitano, na wiki ya tatu sasa natokwa matone ya damu. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Utando mwembamba una mishipa dhaifu inayopasuka ovyo, ndiyo maana damu huja bila mpangilio, hasa mwaka wa kwanza. Mhudumu anaweza kukupa ibuprofeni miligramu 800 mara tatu kwa siku baada ya kula, kwa siku 5, ikiwa huna vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo. Damu ikianza baada ya miezi mingi ya utulivu, au ikitoka baada ya tendo la ndoa, usiitupie vijiti lawama: omba upimwe mimba, maambukizi na shingo ya kizazi. Na ukichoka nayo, una haki ya kutolewa vijiti hata kabla ya muda wake.

SWALI: Nimeanza dawa za kifua kikuu. Kijiti bado kinanilinda? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usikitegemee peke yake. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hulifanya ini livunje homoni upesi, na kiasi kinachobaki kwenye damu kinaweza kisitoshe kulizuia yai. Tumia kondomu muda wote wa matibabu na wiki 4 baada ya kumaliza, au hamia sindano ya miezi mitatu au kitanzi cha shaba. Efavirenzi, dawa ya VVU, na dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, zina athari hiyo hiyo. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haina.

SWALI: Nikikitoa, nitasubiri muda gani kupata mimba?

JIBU: Homoni huisha mwilini ndani ya siku chache, na wengi yai lao hutoka tena ndani ya wiki 3 au 4. Asiyetaka mimba aanze njia nyingine siku ile ile ya kukitoa.