Jibu kwa anayetaka kwenda Glasgow kuangalia baiskeli za velodromu: kaa juu, mwangalie wa nyuma

Salaam wakuu. Mleta mada yuko Moshi, anaendesha na kikundi chake kila Jumapili, na ameuliza mambo matatu. Je, inafaa kutumia akiba kwenda Glasgow Julai 2026 kuangalia mbio za baiskeli za ndani kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola? Humo ndani akae wapi? Na je, amchukue kijana wake wa miaka 16? Waliotangulia kujibu wengi wamesema ni kupoteza hela kwenda kuona watu wanazunguka. Mimi ni fundi baiskeli hapa Arusha, na Agosti 2023 nilikuwemo kwenye velodromu (ukumbi wa mbio za baiskeli) hiyohiyo ya Glasgow, ile yenye jina la Sir Chris Hoy, wakati wa mashindano ya dunia. Naomba nijibu kwa kirefu, maana jambo hili liko moyoni mwangu.

Inafaa, mkuu. Nenda.

Waliokwenda Kigali Septemba 2025 kwenye mashindano ya dunia ya barabarani wananielewa nikisema barabara ina raha yake na ina njaa yake. Unasimama kwenye kilima, unasikia kelele za mbali, pikipiki zinapita, kisha kundi linakupita sekunde chache, bingwa Pogačar huyo, kaenda. Unabaki kusubiri warudi. Wanaume siku ile walikuwa na kilomita 267.5, na sehemu kubwa ya yaliyoamua mbio ulihadithiwa na simu ya jirani. Velodromu ni kinyume chake. Njia ni mita 250 za mbao, wewe uko juu yake, na kuanzia bastola mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho hakuna hata mmoja anayeweza kujificha usimwone. Anayechoka unamwona anavyochoka. Anayepanga hila unaiona hila kabla mwenzake hajaiona.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni joto. Nje Glasgow ilikuwa mvua na upepo, ndani ni kama Moshi mwezi wa pili. Wanafanya makusudi: hewa ya moto ni nyepesi, inampinga mwendeshaji kidogo kuliko ya baridi, na kwenye Olimpiki ya London 2012 walipasha ukumbi mpaka nyuzi 28 hivi. Kwa sababu hiyohiyo milango haifunguliwi ovyo. Mara kadhaa tulizuiwa kwenye korido mpaka mbio iishe ndipo turudi kwenye viti. Kwa hiyo vaa nguo za kuvua, na chooni nenda mapema.

Jambo la pili ni ule mwinuko wa kona. Kwenye televisheni unaonekana wa kawaida. Ukiwa pale unaona ukuta wa mbao, zaidi ya digrii 40, na mtu anaupanda kwa baiskeli isiyo na breki wala gia za kubadilisha. Pedeli zimeungana na gurudumu moja kwa moja: gurudumu likizunguka, miguu inazunguka, hakuna kupumzika. Akipunguza mno kwenye kona anateleza kwenda chini, basi. Timu ya watu wanne ikipita kwa kasi, mbao zinanguruma, unausikia mngurumo ule miguuni kabla ya masikioni, na upepo wao unakufikia ukiwa umeketi.

Sasa kiti. Wengi hukimbilia safu ya mbele. Mimi nakushauri upande juu, hasa usawa wa pale kona inapomalizika na kuingia mnyoofu wa mwisho. Ukiwa mbele kabisa, waendeshaji wakipita chini karibu na ukingo wa ndani unaona kofia tu, na upande wa pili wa uwanja unakuwa mbali nawe. Ukiwa juu unaiona njia yote kwa macho mawili bila kugeuza shingo sana. Kuna na suala la usalama, silisemi kukutisha. Kwenye Madola ya 2022, ambayo baiskeli zake za velodromu zilifanyika London ingawa michezo ilikuwa Birmingham, Matt Walls wa England aliruka ukingo wa juu wa kona akaangukia kwa watazamaji, watu wakaumia na kipindi kile cha asubuhi kikasimamishwa. Desemba 2024, ukumbi uleule wa London, waendeshaji wawili wakavuka tena ukingo na watazamaji wakaumia. Ni matukio ya nadra, lakini ukiwa na mtoto viti vya mwanzo vya kona waachie wengine.

Halafu kuna namna ya kutazama, na hapa ndipo naona sisi wa Kaskazini tunahitaji kuambiwa. Tumekua na habari za Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, aliyeongoza mita 1500 pale Christchurch 1974 tangu mwanzo hadi utepe, na rekodi ya dunia akaichukua. Jicho letu limezoea kumfuata wa mbele. Humu ndani jicho hilo litakudanganya. Kwenye baiskeli wa mbele ndiye anayepasua upepo kwa ajili ya wote, na wa nyuma yake anapanda bure. Mfikirie zaidi Alphonce Simbu wetu kwenye marathoni ya mashindano ya dunia pale Tokyo 2025: alimsubiri Mjerumani Amanal Petros mpaka hatua za mwisho kabisa, wote wakaandikiwa saa 2:09:48, picha ndiyo ikamtoa bingwa wa dunia. Velodromu imejaa fainali za namna hiyo jioni nzima.

Chukua sprinti. Wanaingia wawili, mizunguko mitatu. Mtu mgeni anatarajia wachomoke. Wapi! Wanaanza kutembea, taratibu kuliko mama anayekwenda sokoni. Wa mbele amegeuza shingo, hamwachi mwenzake jicho. Kisha anapanda kidogo kwenye mwinuko, anakata usukani kuelekea juu, anasimama. Anasimama kweli, miguu iko kwenye pedeli, hagusi chini. Sheria inawapa sekunde 30. Nilikuwa na darubini ndogo, nikaielekeza kwenye gurudumu la mbele: lilikuwa linatetemeka, linakwenda mbele upana wa kidole, linarudi upana wa kidole, na msuli wa paja umejikunja kwa kuzuia pedeli. Watu maelfu kimya. Anachotaka ni kumlazimisha wa nyuma apite mbele, ili yeye ndiye apate mgongo wa kujikinga. Mmoja akikosa subira ukumbi mzima unalipuka, na mita 200 za mwisho wanazimaliza kwa sekunde 9 na ushee. Huyo Matthew Richardson, aliyechukua dhahabu ya sprinti ya Madola 2022 akiendeshea Australia na sasa yuko Uingereza, alikwenda Konya, Uturuki, mwaka 2025 akawa wa kwanza kushuka chini ya sekunde 9. Hiyo ni zaidi ya kilomita 80 kwa saa kwa nguvu ya miguu peke yake.

Fainali ya wanaume ya 2023 walikutana Harrie Lavreysen wa Uholanzi na Nicholas Paul wa Trinidad na Tobago. Lavreysen alishinda, ila mimi nilimpigia makofi Paul mpaka viganja vikauma, kwa kuwa anatoka kisiwa kidogo na amefika kuwasumbua wenye vyuma vyao na maabara zao. Kwenye Madola 2022 alikuwa bingwa wa keirini. Keirini utaipenda mara moja: pikipiki inawaongoza huku ikiongeza mwendo, kwa wanaume mpaka kilomita 50 kwa saa, ikibaki mizunguko mitatu inatoka, na hapo kila mtu na lake. Wajapani ndio walioianzisha, mwaka 1948, kwa ajili ya kamari.

Mbio niliyoipenda kuliko zote ni ya kuondoana. Kila mizunguko miwili, wa mwisho kuvuka mstari anatolewa, mpaka wabaki wawili. Hapo ndipo ule ushauri wa kumwangalia wa nyuma unapolipa: mbele kumetulia, nyuma ni vita, mtu amezibwa ndani hana pa kutokea, anatafuta upenyo wa gurudumu moja. Kwa wanawake 2023 alishinda Lotte Kopecky wa Ubelgiji. Akashinda na mbio za pointi. Siku chache baadaye, Agosti 13, akachukua ubingwa wa dunia wa barabarani katika mji uleule. Vijana wa vikundi vyetu wanaosema baiskeli ya uwanjani na ya barabarani ni michezo miwili isiyojuana, wamtazame yule mama. Kabla ya kununua tiketi soma ratiba vizuri, chagua kipindi chenye mbio za kundi, kama za pointi au za kwanza kufika, ndani yake. Kipindi chote cha kukimbizana na saa kinamfaa zaidi aliyekwisha kuzoea. Na mbio za barabarani Glasgow 2026 hazipo kabisa, baiskeli ni za velodromu tu, usije ukapanga siku ya ziada kwa ajili hiyo.

Usiruke tandemu za wasioona. Rubani mbele, asiyeona nyuma, baiskeli moja, na kasi yao inatisha. Neil Fachie, Mskochi, amechukua dhahabu nyingi za Madola kwenye tandemu, na akipita yeye pale kwao ukumbi unaimba.

Kuhusu kijana wako: mchukue. Tena mpeleke asubuhi, kwenye mchujo. Watu ni wachache na katikati ya uwanja kuna kazi inayoendelea ambayo jioni huna nafasi ya kuitazama. Mimi kama fundi niliganda hapo. Kila timu ina kijisehemu chake, waendeshaji wanapasha miguu kwenye mashine wakiwa na taulo shingoni, na mafundi hawakai. Baina ya raundi wanabadilisha meno ya cheni, ya mbele au ya nyuma, kwa kuwa baiskeli haina gia ya kuchagua ukiwa njiani. Uamuzi unafanywa pale kwenye spana. Nilimwona fundi mmoja amefungua gurudumu la nyuma, lile zima lisilo na spoku, akabadili jino, akaivuta cheni kwa kidole gumba kupima ulegevu, akaizungusha pedeli mara moja huku ameinamisha sikio. Baada ya hapo akaipangusa tairi yote kwa kitambaa, polepole, mpaka alipoanzia. Kijana anayejifunza kufunga cheni akiona heshima ile kwa kazi ndogo, atarudi mwingine.

Na mwambie habari za Ese Ukpeseraye wa Nigeria. Alikwenda Paris 2024 kwa mbio za barabarani, nafasi ya keirini na sprinti ikamjia dakika za mwisho, hana baiskeli ya velodromu. Wajerumani wakamwazima. Akaingia, akawa Mnigeria wa kwanza kwenye mchezo huo katika Olimpiki. Sisi Tanzania hatuna velodromu hata moja, na hilo linaniuma kila ninapowaona vijana wanavyopambana na malori njia ya Usa River, lakini Mwafrika mwenye miguu na moyo amekwisha kuonyesha kwamba mlango upo.

Mambo ya safari nayapitia haraka. Viza ya Uingereza unaomba mtandaoni, alama za vidole unapeleka Dar. Majibu kwa kawaida huchukua kama wiki 3 baada ya hapo, ila michezo ikikaribia usiitegemee hesabu hiyo, anza mapema. Taarifa ya benki iwe na mzunguko wa kweli wa miezi kadhaa. Hela iliyoingizwa juzi kwa mkupuo inaleta maswali. Kwa kijana aliye chini ya miaka 18 beba cheti cha kuzaliwa, na kama mama yake hasafiri, barua yake ya ridhaa. Michezo ni 23 Julai hadi 2 Agosti. Kutoka KIA zipo ndege za kupitia Addis, Doha au Amsterdam. Ukifika, panda treni Glasgow Central, shuka Dalmarnock, tembea. Velodromu iko mkabala na uwanja wa Celtic, ukipotea fuata mashabiki. Koti la mvua hata jua likiwaka.

Darubini beba, ndogo tu. Na kama tiketi za jioni zimekwisha, chukua za asubuhi bila kusita. Viza ikitoka rudi hapa tuendelee. Tutaangalia ratiba pamoja nikuonyeshe vipindi ambavyo mimi ningevilipia kwanza.