Maswali ya Wasomaji: Gemu Ndogo Kwenye Kisanduku cha Runinga

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Walukuba, Jinja. Mwaka jana nilinunua kijiti cha kutazamia filamu kwa intaneti, kile kinachochomekwa nyuma ya runinga, nacho kimetufaa sana. Likizo hii watoto wangu wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 12, wamegundua kwamba kinaweza kucheza gemu pia. Wakianza mchezo wa mbio za magari, baada ya dakika chache skrini huwa nyeusi na kijiti hujiwasha upya, ingawa filamu ya saa mbili hufika mwisho bila shida. Tena, gemu walizozizoea kwenye simu yangu hazionekani katika duka la programu la runinga, na zile ambazo kijana wa jirani alituwekea kwa flashi hufunguka lakini hazisikii rimoti. Fundi ameniambia kwamba kijiti ni kibovu na kwamba ninunue mashine kamili ya gemu. Je, ni kweli? Mama wa Wawili.

JIBU: Mama, usitoe shilingi hata moja kabla hujatazama nyuma ya runinga yako. Kwa dalili ulizoeleza, nadhani waya wa kijiti umechomekwa kwenye tundu la USB la runinga yenyewe, kwa kuwa liko karibu. Tundu la USB la aina ya 2.0, ambalo liko kwenye runinga nyingi, kwa kanuni yake hutoa nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2.5, ilhali vijiti vingi huuzwa pamoja na chaja ya wati 5. Filamu haikichoshi kijiti, kwa sababu ndani yake kuna sehemu maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kufungua video peke yake, nayo hutumia umeme kidogo. Gemu ya magari haina picha zilizokwisha kuandaliwa. Kila picha huchorwa papo hapo, mara 30 au 60 kwa sekunde, na umeme usipotosha kazi hiyo kijiti huzimika. Tumia chaja iliyokuja nacho, uichomeke kwenye soketi ya ukutani. Tatizo likiendelea, mshukiwa wa pili ni joto, kwa hiyo kitenganishe na mgongo wa runinga kwa kipande kifupi cha waya wa HDMI ili hewa ipite.

Kuhusu gemu zisizoonekana, rimoti yako haina kosa lolote. Kwenye vifaa vya Android TV, yaani vile vinavyoendeshwa na mfumo wa Google wa runinga, Google huitaka programu iweze kutumika bila kugusa skrini, kwa vitufe vinne vya mishale na kile cha kukubali. Gemu iliyotengenezwa kwa kidole kinachoteleza juu ya kioo cha simu haitimizi sharti hilo, na kuiingiza kwa flashi hakuipi rimoti uwezo wa kuwa kidole. Zifute hizo, maana hata nafasi ni ndogo: Chromecast with Google TV ya mwaka 2020, kifaa cha Google cha aina hiyo, kwa mfano, ina GB 8, na zinazobaki kwa mwenye kifaa hazifiki 5.

Basi watoto wacheze nini? Mimi ningewaelekeza kwenye michezo ya zamu. Mtu akibonyeza kitufe, amri husafiri kutoka kwenye rimoti hadi kwenye kijiti, kijiti huchora picha, kisha runinga nayo hutumia muda wake kuing'arisha kabla ya kuionyesha. Katika filamu ucheleweshaji huo hauonekani, lakini katika mbio za magari gari huwa limekwisha kugonga ukuta. Runinga nyingi zina mpangilio wa picha kwa ajili ya gemu ambao huacha sehemu kubwa ya ung'arishaji huo, nao uwashwe watoto wanapocheza. Hata hivyo, mchezo wa zamu haudhuriki kabisa na ucheleweshaji. Hebu fikiria omweso wa Buganda, wenye mashimo 32 na kete 64, au karata za matatu zinazochezwa vibarazani kote nchini: hakuna anayeshindwa kwa sababu kidole chake kimechelewa nusu sekunde, hushindwa aliyehesabu vibaya. Drafti, karata, chemshabongo, mafumbo ya maneno na michezo ya kupanga vipande ni za ukoo huohuo, na rimoti inazimudu vizuri. Tena huchezwa sebuleni mbele ya watu wote, mdogo akimwonyesha mkubwa pa kuweka, jambo ambalo simu iliyoshikwa na mtoto mmoja pembeni haliwezi. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya kisanduku.

Wakiyang'ang'ania magari, jaribu kwanza kuazima kwa ndugu au jirani padi ya Bluetooth, yaani kidude cha vitufe vya gemu kinachoshikwa kwa mikono miwili bila waya. Vifaa vingi vya Android TV hukubali padi za mashine za gemu za Xbox na PlayStation 4, na Apple TV, kisanduku cha kampuni ya Apple, imezikubali tangu mwaka 2019. Jambo la mwisho ni kuweka namba ya siri kwenye ununuzi wa duka la programu, leo hii kabla hawajalala.

SWALI: Nimesoma kwamba gemu kubwa zinaweza kuchezwa kwenye kisanduku cha runinga kupitia intaneti bila kuwa na mashine yake. Mimi hununua bando kwa simu. Je, nitaweza? Kijana wa Arua.

JIBU: Inawezekana, lakini fanya hesabu kwanza. Katika mtindo huo gemu huendeshwa na kompyuta iliyo mbali, nawe hutumiwa picha zake kama video huku vitufe unavyobonyeza vikisafiri kurudi huko. Nvidia, wenye huduma ya GeForce Now, huhitaji kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha za mistari 720, yaani za ubora wa kati. Kasi hiyo yote ikitumika, saa moja ya mchezo humeza takriban GB 6.7, hivyo bando la GB 20 halifikishi saa tatu, na bei ya bando hilo ina ushuru wa asilimia 12 unaotozwa nchini Uganda tangu Julai 2021. Kasi nayo peke yake haitoshi, kwa kuwa kompyuta ikiwa mbali sana, jibu la kitufe chako huchelewa hata kama picha ni safi. Kumbuka pia kwamba Google yenyewe iliifunga huduma yake ya Stadia tarehe 18 Januari 2023. Gemu ndogo ya MB 100 huipakua mara moja tu, na nyingi kati ya hizo huchezeka hata bando likiwa limekwisha.

SWALI: Hapa Busia nimeonyeshwa kisanduku kisicho na jina la kampuni, bei yake ni ya chini sana, na muuzaji anasema kimejaa gemu za bure. Nikichukue? Mfanyabiashara.

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mwezi Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu mtandao wa wahalifu unaoitwa BADBOX 2.0, ambao huvamia vifaa vya nyumbani vikiwemo visanduku vya runinga, vingine vikiwa na programu hatari hata kabla ya kununuliwa, kisha hutumia intaneti ya mwenye nyumba kuficha uhalifu wao. Miongoni mwa dalili zilizotajwa ni kifaa kisicho na chapa inayojulikana, kinachotangazwa kuwa kimefunguliwa ili kutoa kila kitu bure, chenye duka la programu lisilofahamika, au kinachokutaka uzime ulinzi wa Play Protect. Kabla ya kulipa, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya washirika wa Android TV ambayo Google imeichapisha. Iwapo umekwisha kukinunua, kiondoe kwenye Wi-Fi ya nyumbani leo, kisha ubadilishe nywila za akaunti zote ulizofungulia humo, ukitumia simu na si kisanduku hicho.