Muulize Fundi: Majivu ya Lengai, maji ya magadi na baiskeli ya mtumba

Barua za safari hii karibu zote zimeelekea kaskazini, kwenye milima ya volkeno. Naona watu wameanza kuchoka lami. Karakana yangu iko Tengeru, na wanaopeleka baiskeli huko huwa wananiletea mimi kinachobaki, kwa hiyo nitajibu kwa furaha.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Karatu. Nina baiskeli ya mlima ya mtumba, gurudumu inchi 26, shokapu ya mbele imekufa. Wenzangu wamenunua zile za changarawe, zenye usukani uliokunjwa kwa chini. Tunataka kutoka Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron. Niuze hii nitafute kama zao?

Marahaba, Mwalimu. Usiuze.

Njia yenyewe ni takribani kilomita 120: Mto wa Mbu, Selela, Engaruka, kisha unaambaa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Engare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron. Hadi Engaruka ardhi ni ngumu, yenye vituta vidogo vya mfululizo vinavyotikisa meno. Hapo wenzako watakuacha, kubali tu. Mbele ya Engaruka mambo yanageuka. Unapita Kerimasi, volkeno iliyozimika, unapita lile tundu kubwa linaloitwa Shimo la Mungu, halafu Ol Doinyo Lengai unakuwa mbele yako, na barabara inakuwa majivu. Lengai hulipuka kwa namna mbili. Siku za utulivu hutoa lava nyepesi, nyeusi, yenye asili ya magadi, ambayo ikishika unyevu inageuka nyeupe; ndiyo maana kilele kinaonekana kama kina theluji. Siku za hasira hurusha majivu, kama alivyofanya 2007 na 2008. Majivu hayo na ya volkeno jirani za zamani ndiyo mtakayoyakanyaga.

Sasa tairi la milimita 38 kwenye majivu linazama na kukata mfereji wake. La kwako, lenye upana wa inchi mbili, linaelea. Wenzako watakuwa wanasukuma wakati wewe bado umekaa kwenye siti. Wanaotaka kuja na baiskeli ya changarawe waje, ila wafunge tairi pana kuliko yote linaloingia kwenye fremu. Milimita 45 na kuendelea ndipo naanza kusikiliza.

Hiyo shokapu iliyokufa ing'oe, weka foki ya kawaida ya chuma. Wauza mtumba wanazo, na bei yake ni ndogo. Shokapu mbovu inakula nguvu zako bure kila unapopanda. Punguza upepo: psi 30 hadi 35 inatosha kwa mtu wa uzito wa wastani. Ukishuka chini ya hapo na una mpira wa ndani, jiwe jeusi la volkeno litaubana kwenye rimu na kukutoboa matundu mawili kwa mpigo. Miiba ya migunga nayo haichagui, kwa hiyo beba mipira miwili, viraka, na solusheni mpya. Iliyofunguliwa mwaka jana imeshakauka ndani ya kopo, hata kama kopo linaonekana limejaa.

Kuhusu cheni, hapa naomba unisikilize vizuri kuliko kwingine. Chukua majivu ya Lengai, yasugue kati ya vidole viwili: yanakwaruza. Ni vipande vidogo mno vya madini na mawe yaliyopasuka. Ukimwaga oili nyingi, majivu yanaganda juu yake, yanaingia ndani ya viungo vya cheni, na kuanzia hapo umejitengenezea msasa unaosaga sproketi kila unapokanyaga pedali. Naletewa cheni nyeusi tii, imelegea, meno ya nyuma yamechongoka, na mwenyewe anajisifu kwamba alikuwa anaipaka oili asubuhi na jioni. Weka tone moja kila kiungo, usiku, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka nje ya cheni isishike kidole. Kazi ya oili iko ndani.

Na gia: sproketi yako ndogo ya mbele isizidi ukubwa wa ile kubwa ya nyuma. Ukiwa na meno 32 mbele na 34 au 36 nyuma, utapanda ukiwa umekaa.

Salamu kutoka Rongai, nje kidogo ya Nairobi. Sisi ni akina dada watatu, huwa tunaendesha Ngong na barabara ya Magadi. Tunapanga kuvuka Namanga, kupita Longido na Gelai hadi Natron, kisha kupanda hadi Loliondo. Maji tutapata wapi? Na ule ukuta unapandika?

Dada, kama mmezoea joto la Magadi, Natron haitawashangaza sana. Maziwa hayo ni ndugu, bonde lilelile, magadi yaleyale.

Maji ndiyo safari yenyewe. Kati ya Longido na Gelai vijiji viko mbali mbali na kiangazi visima hukauka, kwa hiyo kila mmoja atoke na lita tano na kujaza kila kijiji chenye bomba, hata kama chupa bado ina nusu. Mkifika karibu na ziwa msidanganywe na chemchemi safi zinazometameta. Nyingi zina magadi, na tumbo litawaambia. Mto Engare Sero unaoshuka kutoka ukutani ndio wa kutegemea, nao uchemsheni.

Ziwa liko kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari na milima imelizunguka, joto linakaa. Ondokeni saa 11 alfajiri. Saa 5 asubuhi muwe chini ya mti, na msiondoke hapo kabla ya saa 9 alasiri. Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Mvua za masika zikianza, udongo mweusi wa mbuga, ambao ni mawe ya volkeno yaliyooza, unashika magurudumu mpaka hayazunguki, na makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu asubuhi yanajaa maji kutoka juu ya ukuta jioni. Anga la kwenu linaweza kuwa jeupe kabisa huku korongo linakuja.

Bebeni pesa taslimu kwa vizuizi vya ushuru wa vijiji na halmashauri, na tunzeni risiti, maana mtaulizwa mbele. Mkikutana na wazee salimieni kwanza, "Sopa", simu ya picha ibaki mfukoni mpaka muwe mmeongea.

Engare Sero kuna nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, kwenye majivu ya volkeno yaliyoganda na kuwa jiwe. Mwende na mwongozaji wa kijiji, na baiskeli muiache mbali. Sitaki kusikia kuna alama ya tairi pale.

Vumbi jeupe la ufukweni nalo ni adui. Magadi hula alumini: rimu, sproketi, na zile chuchu za spoku. Jioni ya kwanza mkitoka ziwani, mwagieni baiskeli maji yasiyo na magadi na mkaushe. Usisubiri kufika Nairobi.

Ukuta unapandika. Barabara ya Sonjo inakwea kwa kona za kurudi nyuma, mawe yamelegea, na hakuna aibu kushuka na kusukuma. Ni njia hiyohiyo ambayo mwaka 2011 ilifurika magari ya wagonjwa waliokwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu, yule mchungaji mstaafu aliyekuwa akitoa dawa. Gari zilikwama pale kwa siku kadhaa, baiskeli ingepita. Pandeni mapema, kabla jua halijawa kali, na kabla ya kuanza kagueni breki, maana mkighairi katikati kuna kushuka.

Fundi mambo? Mimi mwanafunzi wa chuo Arusha. Naweza kupanda Lengai na baiskeli mpaka juu? Nataka nirekodi video.

Poa. Hapana. Kuna watu wanaopanda kwa miguu usiku, na wanatambaa sehemu za mwisho kwa mikono. Ni mteremko wa majivu na mifereji yenye kina, na volkeno iko hai. Zunguka chini yake, video itapendeza tu, na mlima mzima utaingia kwenye picha.

Fundi, nipo Ujerumani, Desemba narudi nyumbani Marangu kwa sikukuu, "kuhesabiwa". Nakuja na baiskeli ya changarawe ya kaboni. Nianzie wapi?

Karibu nyumbani, mdogo wangu. Mama mwone kwanza, baiskeli ifunguliwe kesho yake.

Kilimanjaro ni volkeno, na mito yake inashuka pande zote kutoka juu. Maana yake ukiuzunguka mlima, unakata kila bonde: unashuka, unapanda, unashuka, hata kama ramani inaonyesha tambarare. Njia za kupanda na kushuka hukaa mgongoni, kati ya bonde na bonde, na ni rahisi zaidi kuzisoma. Anza na vichochoro kati ya migomba na kahawa hapo Marangu, angalia mifongo, ile mifereji ya kumwagilia mashamba, inayokatiza njia. Siku ya pili teremka hadi Holili, kisha Ziwa Chala, ziwa lililo ndani ya kreta mpakani na Kenya. Huko chini ni kukavu na kuna mawe.

Desemba mvua za vuli huwa bado zinanyesha, na udongo mwekundu wa mlimani ukilowa unateleza na kumaliza pedi za breki upesi. Njoo na pedi za akiba za aina yako. Njoo pia na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Kila fremu ina chake, na cha kwako hutakipata Moshi wala kwangu. Fremu ya kaboni ifunike kwa plasta nene upande wa chini, mawe hurushwa hapo. Mengine yote yakiharibika, Tengeru nipo, isipokuwa Jumamosi mchana, siku ya soko.